Swali Lililovuka Bahari
Jinsi wajumbe wa Mabunge ya Ulaya walivyowauliza mawaziri wao habari za Kongo, tangu mwaka 1897 hata 1913

Wahenga walisema: Kuuliza si ujinga. Neno hilo twalifundisha watoto shuleni. Lakini liko neno la pili ambalo wengi hawalifikiri: kuuliza ni kazi. Iko kazi ya mwalimu, ya fundi, ya mganga, nayo iko kazi ya mtu aliyechaguliwa na wenzake aende kwenye Baraza kubwa la nchi, asimame mbele ya mawaziri, awaulize: «Mmefanya nini kwa jina letu?»

Waziri wa mambo ya nchi za nje ndiye anayeepa maswali kwa urahisi kupita wote. Waziri wa barabara akiulizwa habari ya daraja, kila mtu aweza kwenda kulitazama. Waziri wa shule akisema shule zimejengwa, wazazi watajua. Lakini mambo ya nchi za nje yako mbali, yamefungwa katika barua za siri, tena waziri aweza kusema: «Jambo hili halituhusu,» au «Tukisema wazi tutawaudhi majirani.» Basi, mjumbe afanye nini?

Tutajibu kwa habari ya kweli, nayo yatuhusu sisi wenyewe: jinsi mateso ya babu zetu, siku za mpira, yalivyoulizwa katika Bunge la London na lile la Bruxelles. Wengine wasema mpira ulikwisha kwa sababu mfalme alihurumia watu. Wengine wasema Wazungu wa Ulaya walinyamaza wote. Yote mawili si kweli. Tufuate mambo kwa taratibu.

I. Namna mbili za kuuliza

Kwanza tujue jinsi swali linavyofanywa, maana kila nchi ina desturi yake.

Katika Bunge la Waingereza, mjumbe anayetaka kumwuliza waziri hupeleka swali lake mbele, kwa maandishi. Linapigwa chapa katika karatasi ya kazi za siku ile, na kila mtu aweza kulisoma. Saa ya maswali ikifika, waziri husimama na kujibu mbele ya wote. Mjumbe akiona jibu halitoshi, husimama tena na kuongeza swali jingine, ambalo waziri hakulitazamia. Mwaka 1902 Arthur Balfour alitengeneza upya kanuni hizo: maswali mengine yakajibiwa kwa mdomo, mengine kwa maandishi. Swali la namna hii ni fupi, nalo haliangushi serikali. Nguvu yake ni kwamba jibu limeandikwa, na mwaka ujao waziri aweza kukumbushwa maneno yake mwenyewe.

Katika Bunge la Wabelgiji kulikuwa na njia nyingine, iitwayo kwa Kifaransa «interpellation». Mjumbe humwita waziri aeleze jambo kubwa. Yeye husema kwanza, waziri hujibu, kisha wajumbe wote waweza kuingia katika maneno hayo, hata siku nyingi. Mwisho hupigwa kura juu ya azimio. Azimio likimshutumu waziri, serikali nzima yaweza kuanguka. Kwa hiyo mawaziri waliiogopa njia hii zaidi.

Tofauti moja tena. Huko Uingereza wakati huo waziri mkubwa wa mambo ya nje, Lord Lansdowne, alikuwa mjumbe wa Baraza la Mabwana, si la wajumbe waliochaguliwa na watu. Basi waliochaguliwa hawakuweza kumwuliza yeye mwenyewe. Walijibiwa na naibu wake. Naibu husema yale aliyoambiwa aseme, naye aulizwapo zaidi hana la kuongeza. Mtu mwenye swali zito huona uchungu akijibiwa na mtu asiye na amri.

II. Nchi isiyokuwa na Baraza

Mwaka 1885, baada ya mkutano wa Berlin, mataifa makubwa yalimkubali Leopold II, mfalme wa Wabelgiji, awe pia mkuu wa Nchi Huru ya Kongo. Waliotia sahihi mkataba wa Berlin waliahidi mambo mawili: biashara iwe huru kwa watu wote, na Wenyeji walindwe, hali yao iwe njema zaidi. Bunge la Ubelgiji lilimpa mfalme ruhusa ya kutawala nchi mbili, lakini likasema wazi kwamba Kongo ni yake peke yake, Ubelgiji haimo.

Fikiri jambo hilo, msomaji mpenzi. Katika Ubelgiji mfalme hakuweza kufanya neno bila waziri kutia sahihi, na waziri huyo alipaswa kujibu mbele ya Bunge. Katika Kongo mfalme yule yule hakuwa na Bunge, wala waziri wa kuulizwa, wala hesabu ya fedha ya kuonyesha watu. Watu walioitumikia serikali ile, ambao babu zetu waliwaita Bula Matari, walijibu kwake tu.

Matunda yake twayajua. Tangu mwaka 1891 na 1892 serikali ilijitwalia msitu na vyote vilivyomo, ikawagawia makampuni sehemu zake, kama Abir na Anversoise. Mwenyeji aliyekata mpira msituni mwake akawa mwizi asipoupeleka kwa serikali au kampuni. Vijiji vilipangiwa vikapu vya mpira. Visipotimiza, askari na makapita walikuja. Wanawake walifungwa hata waume zao walete mpira, watu walipigwa kiboko, wengine waliuawa, na mikono ya maiti ilikatwa ili askari waonyeshe kwamba hawakupoteza risasi. Wengi walikimbilia porini, wakafa kwa njaa na magonjwa.

Nani angeuliza? Wale waliopatwa walikuwa Equateur, Mai-Ndombe na Kasai, wala hawakuwa na mjumbe popote. Swali lao lilipaswa kuvuka bahari.

III. Swali laingia London

Waliolipeleka kwanza walikuwa watu wachache. Misioneri Waprotestanti waliokaa mtoni waliandika barua. Kijana mmoja, E. D. Morel, karani wa kampuni ya meli ya Liverpool, alikuwa akienda Anvers kwa kazi yake. Akaona katika hesabu kwamba meli zilileta Ulaya mpira na pembe za ndovu za thamani kubwa, lakini zilirudi Kongo zimechukua askari, bunduki na risasi zaidi kuliko bidhaa za kununulia. Basi, alijiuliza, Wenyeji wanalipwa kwa nini? Akajua kwamba hawalipwi. Mwaka 1901 aliacha kazi, akaanza kuandika.

Katika Bunge mwenye kuanza alikuwa Sir Charles Dilke. Yeye zamani alikuwa naibu wa waziri wa mambo ya nje, kwa hiyo alijua mlango gani unafunguka na upi haufunguki. Mwaka 1897 alisimama kuyasema mambo ya Kongo mbele ya wenzake, akakumbusha ahadi za Berlin. Serikali haikutaka. Ilikuwa na mashauri mengine na mataifa ya Ulaya, na haikuona faida kugombana na mfalme.

Lakini maswali hayakukoma. Tarehe 20 Mei 1903 mjumbe kijana, Herbert Samuel, alileta shauri rasmi. Tutazame ufundi wake. Hakusema: «Leopold ni mtu mbaya.» Alisema hivi kwa maana yake: Nchi ya Kongo ilipozaliwa iliyaahidi mataifa kwamba Wenyeji watatawaliwa kwa utu, na kwamba hakutakuwa na mtu mmoja wa kujitwalia biashara yote. Sisi tu miongoni mwa waliotia sahihi. Basi serikali yetu ikutane na wenzake waliotia sahihi ili maovu yaliyoko yaondolewe. Dilke na wengine walimwunga mkono, na shauri lilikubaliwa bila hata kuhesabu kura.

Unaona mlango ulipofunguliwa? Waziri hakuweza tena kusema, «Kongo ni nchi ya watu wengine.» Sahihi ya Uingereza ilikuwa chini ya mkataba. Anayetia sahihi ahadi huweza kuulizwa ahadi.

Kura ile ilileta mambo mawili. Tarehe 8 Agosti Lansdowne aliyaandikia mataifa mengine, akawauliza kama jambo hili lisipelekwe mbele ya waamuzi wa The Hague. Mataifa mengi hayakutaka kujitia humo. Lakini jambo la pili lilikuwa na nguvu zaidi: balozi mdogo wa Uingereza aliyekaa Boma, Roger Casement, aliambiwa apande mto, aende akajionee.

IV. Balozi mtoni

Casement alisafiri tangu Juni hata Septemba 1903. Alikodi mashua ya misioni ili asitegemee meli za serikali, akaingia katika mito midogo, akakaa na watu na kuandika maneno yao. Alikuwa ameona sehemu zile miaka kumi na sita nyuma, kwa hiyo aliweza kulinganisha. Huko Lukolela, kwa hesabu yake, mwaka 1887 walikaa watu wapatao 5,000. Sasa hawakufika 600. Hakuficha kwamba ugonjwa wa malale uliua wengi; lakini alionyesha kwamba kazi za lazima na kukimbia kwa watu vilikuwa sababu pia.

Taarifa yake ilipigwa chapa mwanzo wa mwaka 1904 na kuletwa mbele ya Bunge. Lakini wakubwa wa wizara walikuwa wameondoa majina ya watu na ya vijiji, wakaweka herufi tu. Mara moja watu wa Leopold wakasema: «Tutachunguzaje mambo ya mahali pasipo jina?» Wajumbe nao wakakasirika, wakauliza kwa nini waziri aliidhoofisha kazi ya mtumishi wake mwenyewe. Hapo twajifunza kwamba mjumbe hatosheki kupewa karatasi. Auliza pia ni nini kimeondolewa katika karatasi ile.

Juni 1904 Bunge lilizungumza tena habari za Kongo. Mwezi uliofuata, tarehe 23 Julai, Leopold aliona hana njia, akaweka tume ya watu watatu: Edmond Janssens, Mbelgiji, wakili mkubwa wa baraza la juu la hukumu, Giacomo Nisco, Mwitalia, hakimu wa Boma, na Edmund von Schumacher, Mswisi. Pengine mfalme alitumaini watamtakasa.

V. Vijiti vya Lontulu

Tume ilifika Kongo mwaka 1904, ikapanda mto, ikaketi mahali pengi kusikiliza. Na hapa, kwa mara ya kwanza, walioteswa wenyewe waliweza kusema mbele ya watu wenye amri ya kuandika.

Alikuja Lontulu, mkubwa wa Bolima. Hakujua Kifaransa, wala hakuwa na karatasi. Alileta vijiti 110, akaviweka juu ya meza ya tume. Kila kijiti kilikuwa mtu mmoja wa kwake aliyeuawa kwa ajili ya mpira. Aliviweka kwa mafungu: wakubwa, wanaume, wanawake, watoto.

Tulisema kwamba mjumbe wa London hupeleka swali kwa maandishi ili lisipotee. Lontulu hakuwa mjumbe wa Bunge lolote, lakini alifanya kazi ile ile. Alikuja na hesabu, akaitoa mbele ya watu, akadai jibu. Wala asiseme mtu kwamba desturi ya kuwataka wakubwa watoe hesabu ni kitu cha Wazungu peke yao.

Taarifa ya tume ilitoka Novemba 1905. Haikuwa na ukali wa Morel, na iliisifu serikali kwa mambo kadha. Lakini iliyathibitisha mengi. Sheria ya mwaka 1903 ilisema Mwenyeji afanye kazi ya lazima saa 40 kwa mwezi. Tume iliona kwamba mkata mpira alipaswa kila juma mbili kutembea siku moja au mbili, au zaidi, kabla ya kufika penye mpira, kisha kukaa msituni katika kibanda kibaya, mbali na mkewe na chakula. Saa 40 zilikuwa za karatasi tu. Tume haikuziacha misioni zetu Wakatoliki pia, maana ilishutumu jinsi watoto walivyokusanywa na kukawizwa katika mashamba yenye kapela. Jambo hili liliwaudhi wengi, nao walijibu. Lakini ni haki kulitaja.

Maneno yenyewe ya mashahidi hayakupigwa chapa. Yaliwekwa katika hifadhi za Bruxelles, nayo yalifungwa kwa miaka mingi, hata miaka ya 1980.

VI. Mlango uliofungwa Bruxelles

Sasa twende kwa Wabelgiji. Wajumbe wao walikuwa na mkasa wa ajabu: mfalme wao mwenyewe ndiye aliyeulizwa, na hawakuweza kumwuliza.

Julai 1903 Georges Lorand, wa chama cha Liberali, na Emile Vandervelde, mkubwa wa Wasosialisti, waliwaita mawaziri wajieleze. Waziri wa mambo ya nje, Paul de Favereau, pamoja na mkubwa wa serikali, de Smet de Naeyer, walijibu kwamba Kongo ni nchi ya kigeni. Ubelgiji haina amri huko. Jibu hilo lafanana na la Kaini, Mungu alipomwuliza habari za ndugu yake. Wajumbe wengi waliliunga mkono.

Lakini Vandervelde alikuwa mwana-sheria, akatafuta nyufa katika ukuta. Maafisa wa jeshi waliotumika Kongo walikuwa Wabelgiji. Katika vitabu vya jeshi waliandikwa kana kwamba wako kwenye ofisi ya kuchora ramani. Nani aliwapa ruhusa? Waziri wa vita wa Ubelgiji. Tena mwaka 1890 Ubelgiji iliikopesha Kongo faranga milioni 25. Mwenye kukopesha ana haki ya kuuliza hali ya mdeni. Basi kama hatuwezi kuuliza habari za Kongo, tutauliza habari za maafisa wetu na fedha yetu.

Wakatoliki walikuwa na shida ya namna yao. Chama chao kilitawala Ubelgiji tangu mwaka 1884. Wengi waliona makelele ya London ni vita ya Waprotestanti juu ya mfalme Mkatoliki, tena ni wivu wa wafanya-biashara wa Liverpool. Mwenye kuuliza akiwa adui, ni rahisi kutolisikia swali lake. Lakini taarifa ya tume haikuandikwa na Liverpool. Mwaka 1906 Padri Arthur Vermeersch, Mjesuiti, mwalimu wa Louvain, alitoa kitabu juu ya jambo la Kongo, akalipima kwa sheria ya haki: ardhi ni ya nani, kazi ya lazima ina mpaka gani, mtawala awajibika nini kwa watawaliwa. Aliona kwamba mambo hayakuwa sawa, akayasema. Mwaka ule ule Félicien Cattier, mwalimu wa chuo cha Bruxelles, asiye wa upande wa Kanisa, alionyesha katika kitabu chake jinsi fedha za Kongo zilivyotumika. Padri na mtu wa upande wa pili walikutana katika ukweli mmoja. Tangu hapo mjumbe Mkatoliki hakuweza kusema kwamba swali hili ni la Waprotestanti.

VII. Kutoka swali hata kura

Mwisho wa Februari 1906 Vandervelde aliwaita tena mawaziri, na maneno yaliendelea hata tarehe 2 Machi. Safari hii mlango haukufungwa. Bunge liliamua kwamba lianze mara moja kuichunguza sheria ya kutawala makoloni, ambayo ililala tangu mwaka 1901. Maana yake: tunajitayarisha kuitwaa Kongo, ili iwe chini ya macho yetu.

Leopold alijibu mwezi Juni katika barua iliyotangazwa, akasema haki zake juu ya Kongo hazigawanyiki na mtu. Wajumbe wengi, hata rafiki zake, hawakupendezwa. Novemba mwaka ule Paul Hymans, Mliberali, alileta swali jingine. Mwezi huo huo Sir Edward Grey, waziri mpya wa mambo ya nje wa Uingereza, alisema kwamba nchi yake haiwezi kungoja siku zote. Huyu alikuwa mjumbe wa baraza la waliochaguliwa, kwa hiyo sasa waliuliza na kujibiwa na mwenye amri mwenyewe. Desemba serikali ya Ubelgiji ikakubali kwamba Kongo itwaliwe.

Mfalme alijaribu bado kushika sehemu. Mkataba wa tarehe 28 Novemba 1907 uliiacha ile mali iitwayo «Fondation de la Couronne», yaani nchi kubwa kupita Ubelgiji mara nyingi, upande wa Mai-Ndombe, ambayo mapato yake yalijenga majumba na mapambo Ulaya. Wajumbe walikataa. Walitaka hesabu. Tarehe 5 Machi 1908 mfalme alilazimika kuongeza mapatano: Fondation ikafutwa. Walakini Ubelgiji ilikubali kulipa faranga milioni 45 na nusu kumaliza majengo yale, na milioni 50 kwa mfalme kama shukrani, fedha ambazo zingetoka Kongo yenyewe. Hivi ndivyo aliyekamuliwa alivyotakiwa kumshukuru mkamuaji.

Tarehe 20 Agosti 1908 wajumbe walipiga kura: 83 walikubali, 54 walikataa, 9 hawakuchagua upande. Vandervelde hakuwa pamoja na wengi wa chama chake. Wao hawakutaka koloni kabisa, yeye aliona heri Kongo iwe chini ya Bunge kuliko chini ya mtu mmoja. Tarehe 15 Novemba 1908 Kongo ikawa koloni la Ubelgiji.

Mwezi ule wa Agosti, wajumbe walipokuwa wakimaliza maneno yao, katika ofisi za Nchi Huru ya Kongo huko Bruxelles moto uliwashwa. Karatasi za serikali zilichomwa muda wa siku nane. Mfalme hakutaka wengine wajue aliyoyafanya.

Lakini haikuwezekana kuchoma yote. Maswali ya Dilke na Samuel, maneno ya Vandervelde, majibu ya mawaziri, yalikuwa yamekwisha kupigwa chapa katika vitabu vya Mabunge, navyo vilikuwa vimetawanyika. Ndiyo faida ya swali lililoulizwa mbele ya watu. Waziri aweza kukataa kujibu, lakini kukataa kwake pia kunaandikwa.

VIII. Je, mambo yalikwisha?

Hayakwisha. Sheria mpya ya koloni ilisema mtu asilazimishwe kufanya kazi kwa faida ya kampuni au ya mtu binafsi. Tazama vizuri: haikutaja serikali. Kwa hiyo kazi za lazima za serikali zilibaki, na baadaye lazima ya kulima pamba. Hata hivyo jambo moja lilibadilika. Sasa alikuwako waziri wa makoloni, wa kwanza Jules Renkin, aliyepaswa kila mwaka kuleta hesabu ya koloni na taarifa mbele ya Bunge. Palikuwa na mtu wa kuulizwa.

Waingereza nao hawakufunga daftari upesi. Grey alikataa kuitambua Kongo ya Wabelgiji mpaka ionekane kwamba mambo yamegeuka kweli. Mabalozi wadogo walitumwa kuona, taarifa zao zikaletwa Bungeni mwaka kwa mwaka. Mei 1913 tu, baada ya wajumbe kulizungumza tena, ndipo njia ilipofunguliwa, na Juni Uingereza ikaitambua. Tangu siku Dilke aliposimama ilipita miaka kumi na sita.

Na dosari kubwa kuliko zote ilibaki: katika miaka ile yote, walioulizwa habari zao hawakuwa wauliza. Wakongo walisemewa. Uchaguzi wa kwanza wa wajumbe wa nchi nzima ulifanyika Mei 1960, na Bunge la kwanza likakutana Juni, siku chache kabla ya uhuru. Miaka hamsini na miwili baada ya kura ya Bruxelles, mtoto wa Lontulu, tuseme hivyo, akapata kiti.

IX. Kazi yetu

Leo Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 138, yawapa wajumbe na maseneta wetu njia zile zile tulizozisoma: swali la mdomo au la maandishi, swali la mambo ya siku hizi, «interpellation», tume ya uchunguzi, na kumwita waziri mbele ya kamati. Mikataba mikubwa, kama ya amani na ya biashara, haithibitishwi bila sheria kupitishwa na Bunge. Na vita havitangazwi bila ruhusa ya mabaraza yote mawili. Kwa hiyo mjumbe wetu hawezi kusema kwamba mambo ya nje si yake. Mkataba juu ya madini yetu, mapatano na jirani, askari wageni wanaoingia nchini: hayo yote yana mlango wa kuulizia.

Lakini mlango haujifungui. Habari hii yatuonyesha mambo manne ambayo swali jema lahitaji. La kwanza ni shahidi, aliyeona kwa macho, kama Casement, au aliyehesabu, kama Lontulu. La pili ni ahadi iliyoandikwa, ili waziri asikane: Samuel aliushika mkataba wa Berlin, Vandervelde aliushika mkopo wa milioni 25. La tatu ni saburi, maana jibu la kwanza ni kukana, na la pili ni kuchelewesha. La nne ni moyo wa kulipokea swali hata likitoka kwa mtu asiye wa upande wetu. Hili ndilo gumu kupita yote, nalo ndilo lililowakawiza Wakatoliki wa Ubelgiji, watu wema wengi, wakati watu walipokuwa wakifa.

Basi wewe msomaji wa parokia, usidhani kazi hii ni ya wakubwa tu. Mjumbe wako akija kuwasalimu, huulizwa kwa kawaida habari ya bati la kapela na ya barabara. Muulizeni hayo, ni haki. Lakini mwulizeni pia: «Mwaka huu ulimwuliza waziri gani, habari gani, naye alijibu nini?» Kama hana la kusema, mmekwisha kulijua jibu. Na mahali penu pakitendeka jambo baya, liandikeni: siku, mahali, hesabu ya watu. Asiyejua kuandika aweke vijiti. Vijiti 110 viliwekwa mezani, na vikafika mpaka mbele ya mfalme.